Kibuyu Kilichoniita kwa Akina Chelangat

Tik, tik-tik, tik. Sauti ilitoka ng'ambo ya ua, jikoni kwa akina Chelangat, jirani yangu hapa kijijini Boito. Tulikuwa tukijifunza pamoja milio ya Morse, ambayo kila herufi ina mgongo wake, kwa mtihani wa leseni ya redio, nami nilishindwa kumwambia nampenda. Jioni ile masikio yangu hodari yakasoma: NJOO.

Nikafunga tai, nikavuka ua, nikaingia jikoni kwao.

"Umeniita, Chelangat. Hata mimi nakupenda."

Chelangat alikuwa ameshika kitabu tu. Aliyegonga ni mama yake, akikung'uta unga wa makaa kutoka kwenye kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando.

"Posa inaletwa na wazee, kijana," mama akasema. "Wewe umeletwa na kibuyu."

Chelangat akacheka kimyakimya, asiniangalie. Mama akachukua ndoo ya kukamulia.

"Ng'ombe hawezi kungoja," akasema, akatoka, akafunga mlango, akatuacha wawili.