Mzee Umesaini

Mpiga chapa huyu, ambaye wenzake walimwita Karatasi, alikuwa na ugonjwa mmoja: michezo ya kuigiza ya mezani, ile ambayo watu wazima na akili zao huketi kuzunguka meza, mmoja anasimulia, wengine wanajifanya mashujaa, na dadu inaamua nani apone na nani aliwe na joka. Usicheke. Kuna wanaume wanazeeka wakigombania mpira ambao hawajawahi kuucheza, na hatuwaiti wagonjwa.

Kila Jumapili mchana, duka likiwa limefungwa, alifagia vipande vya karatasi chini ya mashine ya kukatia na kupanga viti. Waliokuja walikuwa wawili tu: muuguzi mpole wa sauti ndogo, na fundi friji ambaye mdomo wake hauna breki. Kwa miaka saba walipitia mifumo mitatu ya sheria za mchezo. Wa kwanza ulikuwa na kitabu kinene kama tofali na dadu ya pande ishirini; kupanda ukuta tu ilibidi utafute sheria kurasa tatu, na ukifika juu joka limeshajiondokea zake. Wa pili ulikuwa wa kutisha, kila shujaa aliishia kurukwa na akili, mpaka muuguzi akasema hayo anayaona kazini na analipwa kuyaona. Wa tatu ulikuwa wa karata. Fundi friji akawa anazikalia karata nzuri, wakanuniana mwezi mzima.

Mifumo ilibadilika, ila mtu mmoja alihama nao kila mara: Mzee Umesaini. Karatasi alimleta Jumapili ya kwanza kabisa, mchezo ulipokuwa umedorora. Ni mtunza stoo, mchoyo, anaburuta mguu wa kushoto. Mashujaa wanakuja mbio, joka liko mgongoni, wanaomba kamba. Yeye anakohoa kwanza, "Khm! Khm!" halafu anauliza, "Umesaini?" Karatasi aliinuka kabisa, akauburuta mguu kuizunguka mashine, na wenzake wakacheka mpaka machozi. Mtu akishaonja kicheko cha namna hiyo, kukiacha ni shida.

Wenzake walidhani amemtunga. Amtunge wapi! Yule alikuwa kaka yake, tumbo moja.

Kaka mtu alitunza stoo ya vipuri miaka thelathini na moja, na ndiye aliyemlea Karatasi wazazi walipofariki. Mguu ule ulivunjwa na sanduku lililoteleza kutoka juu ya rafu. Daktari alimwambia apumzike miezi mitatu. Akapumzika siku tisa, kwa sababu mdogo wake alikuwa na mtihani na nyumba nzima ilimtegemea yeye. Mfupa ukaunga vibaya. Kikohozi nacho ni cha vumbi la humo humo stoo. Karatasi aliyajua yote haya, na bado aliuburuta mguu. Akirudi nyumbani aliona haya kidogo, akajiambia, "Kwani atajuaje?" na Jumapili iliyofuata akarudia.

Basi kaka akastaafu. Mke wa Karatasi akasema, "Shemeji siku hizi anaongea na redio. Mchukue Jumapili akae na watu."

"Mchezo wenyewe mgumu," Karatasi akajitetea. "Halafu viti vyenyewe..."

"Viti gani? Nimeshamwambia, na ameshapiga pasi shati."

Ikabidi Karatasi atafute mfumo mwingine, wa nne, usio na dadu wala msimulizi mkuu. Wahusika wote wanaandikwa kwenye kadi, kila mchezaji anachagua amtakaye. Akaichomoa kadi ya Mzee Umesaini kwenye bunda, akaitia mfukoni. Alifikiria kuwaonya wenzake, lakini angewaambia nini bila kujivua nguo? Akanyamaza.

Kaka alifika wa kwanza, kalamu mfukoni mwa shati. Muuguzi akaingia nyuma yake, na Karatasi akawaeleza mfumo mpya: kila mtu anachagua kadi yake. Fundi friji alichelewa kama kawaida yake, akamkuta mzee ameshaketi, akaanza kugawa karatasi za kuandikia. Kaka akapokea ya kwake, akaigeuza huku na huku.

"Khm! Khm! Hii mtu anasaini wapi?"

Fundi friji akaangua kicheko. "Lo! Karatasi, kumbe umeshamfundisha! Sauti yenyewe! Sasa inuka uburute na mguu, mzee!"

Muuguzi akamkanyaga chini ya meza.

"Mguu gani?" kaka akauliza.

"Wa kushoto. Ni mtu wa mchezoni tu, mzee wangu, mchoyo mmoja hivi, tunamcheka..." Fundi akainama kuona nani kamkanyaga, macho yakaangukia kiatu cha mzee chenye soli nene upande mmoja. Mdomo ule usio na breki ukafunga breki.

"Nani alimtunga?"

"Mimi, kaka." Masikio ya Karatasi yaliwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini sakafu ya duka ni saruji, haikupasuka.

"Tangu lini?"

"Miaka saba."

Kaka akatikisa kichwa polepole, kama alivyozoea kufanya mali ikipungua stoo. "Basi nipeni mimi huyo. Si mmesema kila mtu anachagua?"

Karatasi ikambidi aitoe ile kadi mfukoni, mbele ya macho yao wote watatu. Hapo ndipo aibu ilipomla hasa.

Wakacheza, maana hakuna aliyejua namna ya kuacha. Shujaa wa muuguzi akafika stoo kuomba kamba ya kuingilia pangoni.

"Khm. Umesaini?" Hakuna aliyecheka. "Saini, mama. Si uchoyo. Mtu akiingia humo asirudi, bila daftari nani atajua wa kumtafuta?" Akampa kamba, akaongeza taa na blanketi ambavyo hakuombwa. Kisha akamgeukia mdogo wake, akachomoa kalamu mfukoni, akamnyooshea. "Na wewe?"

Karatasi akasaini. Hakuweza kumtazama.

Walipomaliza, alimsindikiza mpaka mlangoni. "Kaka, nisamehe. Nilikukosea sana."

"Mchezo tu, bwana mdogo," kaka akasema, akampiga bega. "Msalimie shemeji."

Akashuka ngazi, akashika njia. Karatasi akabaki mlangoni akimtazama. Mzee hakuuburuta mguu. Aliunyanyua, akautua, akaunyanyua tena, hatua kwa hatua, mkono mmoja ukipapasa ukuta, na shati lile la pasi likaanza kulowa jasho mgongoni. Karibu na kona kikohozi kikamjia. Karatasi aliona mabega yakitikisika, akatega sikio, na hakusikia kitu.