Kurasa za Mwisho Alizozikosa Léonard

Léonard, huyu anayeandika hadithi za watu wa Walikale, kazi yake haikuanzia mezani. Ilianzia mgongoni. Enzi mgodi wa Bisie ukichimbwa kwa mikono, alibeba kilo hamsini za kasiterite, mawe ya bati, msituni, mwendo wa siku mbili. Juu ya mzigo alifunga kitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwisho. Alikiomba kwa mama muuza karanga sokoni Mubi, aliyekuwa akikichana kufungia bidhaa.

Kilikuwa kisa cha mjane anayemtafuta mwanawe aliyechukuliwa akiwa mdogo. Kila walipotua mizigo, wapagazi wenzake walimwambia, "Soma, kaka." Kitabu kilikatikia pale mjane anapobisha mlango. Léonard hakuweza kuwaacha watu mlangoni, akawa anabuni. Leo mwana anafungua na kupiga kelele za furaha, kesho anafungua mgeni mwenye panga. Mara moja rafiki yake Guy alilia machozi hadi wenzake wakamcheka.

Miaka kumi na miwili ikapita. Alipokwenda Masisi kwenye arusi, Léonard aliingia maktaba ndogo ya parokia. Mama Pétronille, aliyeitunza, alimkuta ameganda mbele ya rafu, kitabu wazi mkononi.

"Papa, uko mugonjwa?"

"Hapana, Mama. Hii kitabu njo ilinifundisha kuandika."

Kilikuwa kilekile, kizima. Alikaa sakafuni, akafungua kurasa za mwisho.

Mwana ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa mtu mzima, na hakumtambua mama yake. Mjane hakujitaja. Aliomba maji, akanywa, akashukuru, akaenda zake.

Basi.

Léonard alisoma mara tatu. Yeye miaka yote alikuwa amejaza mlango ule vilio na mapanga. Mwandishi huyu, ambaye hata sura yake hakuijua, alithubutu kuweka kikombe cha maji tu.

Aliporudi Mubi alimtafuta Guy, ambaye siku hizi anaendesha pikipiki, akamsimulia. Guy alizima injini.

"Alikunywa mayi tu, akaenda?"

"Alienda."

"Na mutoto hakujua?"

"Hakujua."

Guy alishuka, akakaa kando ya barabara. Abiria wawili walimwita, hakuwaitikia. Léonard naye akakaa. Malori yakapita, vumbi likawafunika, na hakuna kati yao aliyeinuka.