Baba Alipolegea Breki ya Ulimi

Baba yangu alikuwa mtu wa adabu mpaka ikawa kero. Jirani akimletea sombe, yaani kisamvu, iliyochacha, aliila yote na kuomba kuongezewa. Rafiki yake akimuuliza kama kofia mpya inampendeza, alijibu kwamba inampendeza sana, hata kama ilimfanya afanane na uyoga. Kazi yake ilikuwa samaki: alishuka ziwani Kyavinyonge kununua tilapia kwa wavuvi, akawapandisha samaki hao mjini Butembo, na mama akawauza sokoni. Sisi watoto wake tuliokulia mtaa wa Mususa tulidhani adabu ile alizaliwa nayo, kama alivyozaliwa na masikio yake. Hatukujua kwamba ina mahali pake kichwani, na kwamba mahali hapo panaweza kugongwa.

Siku palipogongwa, mvua ilikuwa imenyesha. Pikipiki iliyombeba iliteleza kwenye matope na baba akaanguka chali, kisogo kikapiga chini. Samaki wakatapakaa barabarani. Alilazwa siku chache, akapewa dawa za maumivu, akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Mama akaomba misa ya shukrani.

Jioni hiyohiyo alimwandalia fufu na maharagwe. Baba akaonja, akarudisha tonge kwenye sahani.

“Mama wa batoto, hii chakula haina ladha. Niko kama mutu anakula kitambaa.”

Mama akabaki na mwiko hewani. “Niongeze chumvi?”

“Hapana. Na hata zamani, maharagwe yako haikukuwa muzuri. Mimi nilikuwa nanyamaza tu.”

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akaomba pilipili, akaimwaga yote kwenye sahani, akala huku machozi yakimtiririka, akidai kwamba sasa angalau kuna kitu anakisikia.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kanisani. Padri alipofika katikati ya mahubiri, baba akasema kwa sauti ya mtu aliye sebuleni kwake, “Ile alishasemaka juma lililopita.” Benchi nzima ya mbele ikageuka. Kabla hatujapata mahali pa kujificha, akamgeukia mama. “Umependeza leo mu ile kitenge. Nilikwambiaka siku moja kwamba uko muzuri?”

Mama akafunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Watu walidhani analia kwa aibu. Mimi niliyekaa karibu naye niliona mabega yake yakitikisika, na haikuwa kwa kilio.

Kwa kuwa bado hakuweza kusafiri, baba akaanza kukaa na mama sokoni. Mteja mmoja akauliza kama samaki ni wapya. Baba akajibu, “Bale ba juu ni bapya. Bale ba chini, sijue. Pua yangu ilikufa.” Mama akamtuma aende kumtafutia chenji upande wa pili wa soko, na alipokawia kurudi, hakumtafuta.

Lakini jambo lililotutia hofu kweli lilikuwa posa ya mdogo wangu wa kike. Familia ya kijana, wakulima wa viazi kutoka Masereka, walikuwa wameshapanga siku ya kuja. Tulimsihi baba anyamaze. Akaapa kwa moyo wote kwamba atanyamaza, na ninaamini alikusudia.

Wageni wakaja. Baba mkubwa wa kijana, mtu mnene aliyevaa koti la sufu, akaanza kusifu. Akasema binti yetu amelelewa vizuri, ni mpole, mtu hajawahi kusikia sauti yake. Baba akavumilia. Nilimwona akikunja vidole. Halafu akasogea mbele kwenye kiti.

“Mupole? Hapana. Mutoto yetu anapendaka watu, lakini ako na hasira. Akikasirika, anavunjaka sahani.”

Hapohapo, jikoni, sahani ikavunjika.

Nilitamani sakafu ifunguke inimeze. Baba mkubwa wa kijana akakodoa macho, akatazama mlango wa jikoni, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua koti. “Papa,” akasema akijifuta machozi, “nasi tukwambie ukweli. Ule wetu analalaka mpaka jua inapanda. Mama yake anamumwangiaka maji.” Kuanzia hapo pande zote mbili zikaanza kuwatoa watoto wao kasoro kama watu wanaotoa mbegu kwenye boga, na mchana ule wakaelewana kuliko posa yoyote niliyowahi kuiona.

Usiku ulipoingia mama hakuwa anacheka tena. “Leo Mungu alitusaidia,” aliniambia. “Na siku atamwambia mukubwa wa serikali vile anafikiri?”

Basi tukampeleka Beni, kwa daktari wa mambo ya ubongo aliyekuwa ametumwa kutoka Kinshasa. Njiani, kwenye kizuizi, askari kijana akaingiza kichwa garini na kututazama mmoja mmoja. Mama akashika rozari.

“Mutoto yangu,” baba akamwambia, “sura yako ni ya mutu hakulala. Batakuacha hapa mupaka siku gani?”

Askari akamtazama muda mrefu. “Papa, oyebi,” akasema kwa Kilingala, yaani mzee unajua. Akapunga mkono tupite. Nilipogeuka nyuma alikuwa bado amesimama akitazama gari letu.

Daktari alimfunga baba macho na kumpitishia vitu puani. Sabuni: baba hakusikia kitu. Mafuta ya taa: hakusikia kitu. Kitunguu kilichokatwa: “Inaniwasha macho. Basi ni kitunguu.”

“Hapo umeiba jibu, papa,” daktari akasema akicheka. Akatueleza kwamba mwasho una njia yake, si ile ya harufu, na ndiyo sababu pilipili bado aliisikia. Ubongo ni laini kama parachichi lililoiva, akasema. Baba alipoanguka kwa kisogo, ubongo ulitikisika ukajigonga mbele, juu ya macho, ambapo mfupa unakwaruza. Nyuzi za harufu, nyembamba kuliko nywele, hupita hapo kwenye vitundu vya mfupa, nazo zikakatika, na chakula bila harufu hupoteza ladha. Na palepale juu yake kuna sehemu inayolisimamisha neno kabla halijafika mdomoni na kuliuliza, je, hapa ni mahali pako?

“Basi niko gari bila frein,” baba akasema, yaani bila breki.

“Frein iko, papa. Imelegea. Kwa wengi inakazaka tena polepole.”

Baba akafikiri. “Na ile maneno natoa, ni ya ugonjwa au ni yangu?”

“Ni yako. Ugonjwa unafungua tu mulango.”

Mama akainua kichwa. “Kwa hiyo ile ya maharagwe ni kweli?”

Daktari akaanza kupanga kalamu zake mezani.

Tulirudi na shauri moja: mama akae karibu naye mbele za watu, na akiona anavuta pumzi ya kusema, amguse kiwiko. Alimgusa kiwiko sokoni, kanisani, kwenye harusi ya mdogo wangu. Miezi ikapita na ile miguso ikapungua. Siku moja yule rafiki yake akaja na kofia nyingine, mbaya kuliko ya kwanza, na baba akasema inampendeza. Sote tukafurahi, isipokuwa mama. Jioni hiyo alivaa kitenge kipya, akapita mbele ya baba mara mbili. “Iko muzuri tu,” baba akasema bila kuinua macho. Mama akaingia ndani akafunga mlango kwa nguvu.

Pua iliamka baadaye sana. Asubuhi moja nilimpelekea kikombe cha kahawa barazani, akaruka kama aliyeumwa na siafu.

“Nani anachoma mupira ya gari?”

Hakuna aliyekuwa akichoma kitu. Daktari alikuwa ametuambia kwamba nyuzi zikianza kuota upya, mwanzoni hukosea na kuleta harufu ovyo. Baba akainusa ile kahawa, akakunja uso, akainusa tena.

“Inanuka mubaya,” akasema huku macho yakimng'aa. “Mama wa batoto, kuja usikie! Inanuka mubaya sana!”

Akainywa yote, akaomba nyingine.