Mwita Anasema Ameshiba

Ipo siku moja, mwanangu Rajabu, ambayo nikiifukuza kichwani asubuhi inarudi jioni. Nilikuwa kijana wa umri wako, mwanafunzi wa uhandisi katika nchi iliyoitwa Yugoslavia. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani ya simu yako, haipo. Ndiyo sababu nimekuita hapa nje, tukae kwenye ngazi za basi langu kabla hamjakaa hicho kikao chenu cha baada ya swala ya Ijumaa.

Nchi ile ilikuwa na makabila mengi na dini mbalimbali chini ya chama kimoja, na ujamaa wao waliuringia kama sisi tulivyouringia wetu. Serikali yetu ilinipeleka kwa kuwa nchi zetu zilikuwa marafiki. Katika bweni, kila ghorofa ilikuwa na jiko moja, na juu ya jiko kibirika kimoja cha kahawa, cha shaba, chenye mpini mrefu. Kila kijana alileta kahawa iliyosagwa kwao na kuimwaga kwenye kopo moja. Wakishakunywa wanabishana mpira mpaka meza inatikisika. Mimi mtoto wa Muheza, niliyezoea chai ya mchaichai, niliinywa ile kahawa chungu kwa kuogopa kuchekwa.

Mwenzangu wa chumba aliitwa Zlatko. Baba yake alikuwa Mserbia, mama yake Mkroatia, na yeye mwenyewe ukimuuliza kabila lake anakujibu kwamba ana njaa.

Kisha televisheni zikaanza. Kila upande ulikuwa na kituo chake, na kila kituo kilikuwa na maiti zake za zamani za kuonyesha, nani alimchinja nani katika vita vya babu zao. Vijana wakaacha kubishana mpira. Mimi nilijiambia ni hasira za kupita, tena hazinihusu, mimi mgeni. Siku moja nikakuta vibirika viwili jikoni, baada ya muda vikawa vitatu, kila kimoja kimezungushiwa utepe wa rangi yake mpinini. Hakuna aliyepigwa wala kutukanwa. Walisema ni utaratibu tu, ili watu wasigombane.

Mama yake Zlatko akaja kumwona mwanawe, amebeba jamu na mfuko wa kahawa. Aliingia jikoni atupikie, akaviona. Tulikuwa vijana wengi mle, akatutazama mmoja mmoja kama mama anayetafuta aliyevunja sahani.

"Mwanangu anakunywa kwenye kipi?" akauliza.

Zlatko akacheka kidogo, akasema yeye siku hizi ameacha kahawa, inamchoma tumbo. Nililala naye chumba kimoja na sikuwa na habari kwamba ameacha. Yule mama aliweka mfuko wake mezani bila kuufungua, akanigeukia mimi, maana wengine wote walikuwa wanatazama sakafu.

"Na wewe umekaa unaangalia tu? Wewe ndiye pekee humu unayeweza kushika vyote vitatu bila kuulizwa jina la baba yako."

Nilikosa pa kuweka uso. Niliona ananionea, mimi niliyekuja kusoma tu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa ananiomba msaada.

Haikupita muda vijana wakaanza kuitwa jeshini. Zlatko aliitwa na upande wa baba yake akapigane na upande wa wajomba zake. Sisi wageni tuliambiwa tuondoke kwa treni kupitia Hungaria, naye akanisaidia kufunga sanduku, akikunja mashati yangu vizuri kuliko nilivyowahi kuyakunja mwenyewe. Akaniambia, "Wewe una kwenu pa kurudi. Kwetu mimi ndiko kunakogawanywa." Sijamwona tena wala kusikia habari zake. Masomo yangu yaliishia pale, ndiyo maana unaniona kwenye usukani wa basi la kampuni.

Sasa nije kwenye chumba chetu cha wafanyakazi hapa Doha, na nisikufiche, mwanangu, ninaogopa. Tangu mlipoanza kuonyeshana hizo video, Mtanzania kasema hivi juu ya Wakenya, Mkenya kajibu vile, naziona televisheni zile zile. Hapa Industrial Area niliikuta desturi: jioni kila mtu anachota kikombe cha mchele kwenye gunia lake na kumimina kwenye sufuria moja kubwa, na wa zamu anapika. Ukishamimina huwezi tena kusema punje ipi ni yako. Juzi nikakuta sufuria mbili. Moja ina solotepu ya bluu kwenye mkono wake, na nilikuona ukiinunua solotepu hiyo pale bakala, duka la jirani.

Si wewe peke yako. Nilimfuata Otieno, nikidhani Wakenya wenzake watamsikiliza akiwatuliza, akaniambia, "Mzee, si sisi tulianza. Watu wenu wanatutusi huko kwa simu mchana kutwa, alafu jioni tukule sufuria moja? Zii." Nikarudi kwako, nawe ukaniambia ni utaratibu tu, ili watu wasigombane. Hukujua umesema nini.

Na Mwita mwenzenu wa chumba je? Baba yake Mkurya wa Tarime, mama yake Mkurya wa upande wa Kenya, na ukisimama mlangoni kwao unaona moshi wa jiko la wajomba zake. Mmemwambia achague upande kabla ya kikao cha leo. Jana wewe ulimkaribisha chakula, Otieno naye akamkaribisha, mkaridhika nyote kwamba mmemkaribisha. Akawajibu ameshiba, amekula kazini. Rajabu, mimi ndiye ninayempeleka kazini. Namshusha Al Wukair kwenye geti la nyumba ambazo bado zinajengwa, hakuna hoteli wala duka, na jioni namkuta amekaa juu ya tofali akinisubiri. Mwita hajala.

Utasema kutenga sufuria hakujaua mtu. Ni kweli, hata vile vibirika havikuua mtu. Lakini watu walizoea kusimama kwa makundi, na waliokuja baadaye na bunduki walikuta makundi yameshapangwa. Hapa Doha hamtafika huko, mudiri, bosi wa kampuni, atawapandisha ndege nyote kabla ngumi ya pili haijarushwa. Ninachokiogopa ni mzigo mtakaorudi nao nyumbani, mkawafungulie watoto wenu sebuleni.

Basi nasaha yangu ni hii. Simu ikikuambia Wakenya wakoje, chungulia kitanda cha chini yako, yupo mmoja pale, muulize yeye. Usimtake mtu achague kati ya baba yake na mama yake, maana hata akikuchagua wewe utakuwa umempata nusu. Mwenzako akiacha kula usimwamini anapokwambia ameshiba. Na ukijiona uko mahali ambapo unaweza kushika sufuria zote mbili, zishike mapema, usingoje mama wa mtu aje akuulize.

Leo sitakuja kwenye kikao chenu. Nitakuwa jikoni. Nimenunua samaki kwenye soko la Abu Hamour, nimeitoa ile sufuria kubwa, na kikombe changu cha mchele nimeshakimimina. Otieno nimemwambia, hakukataa, nami nimeshukuru angalau kwa hilo. Mwita nimemwita, akaniambia ameshiba. Nenda kamwite wewe. Mimi ananikatalia kwa heshima, lakini wewe ndiye uliyefunga ile solotepu, na akikuona unaibandua kwa mkono wako atajua njaa yake haina tena haja ya kufichwa.

Inuka, baba. Mungu akupe mkono usioona uzito kumimina, akulinde na maneno matamu ya watu wasiokujua, na akuzeeshe katika nchi ambayo wajukuu zako watakapoitafuta kwenye ramani, wataikuta.