Pikapu Iliyotikisa Vikombe

Kama gari lako la dizeli limekata pumzi, linapanda mlima kwa manung'uniko huku likitema moshi mweusi, watu watakwambia neno moja tu: nenda kwa Fundi Bati. Jina lake la kuzaliwa usiulize, maana hata wanaomsalimia kila asubuhi hawalijui.

Hilo la Bati alilipata kazini. Injini za siku hizi zimefundishwa kuvuta tena sehemu ya moshi wao wenyewe. Kuna valvu inafunguka, moshi kidogo unarudishwa ndani, moto unapoa, na sumu inayotoka nje inapungua. Ni jambo la akili, hakuna anayebisha. Lakini miaka ikipita, masizi yanaganda kwenye njia ya hewa kama ukoko kwenye sufuria, valvu inakwama wazi, na gari linakuwa kama mtu aliyelala kajifunika blanketi gubigubi, anapumua pumzi yake mwenyewe mpaka kichwa kinamgonga. Hapo ndipo Fundi Bati anapochukua mkasi wa chuma, anakata kipande cha bati nene kisichozidi kiganja, anakitoboa matundu ya bolti na kukibana katikati ya bomba. Njia ya moshi imezibwa, gari linapumua.

Wala hakuwadanganya wateja. "Waliotengeneza hii kitu si wajinga," aliwaambia. "Mimi nakuzibia kwa sababu valvu nzima haipatikani. Ukiipata, niletee." Walikuwa wanaitikia ndiyo, ndiyo, huku wameshawasha gari. Hakuna aliyewahi kuileta.

Pikapu yake mwenyewe ilikuwa nyeupe zamani. Kwa hiyo pikapu hakuishia kuziba moshi tu. Kwenye njia ya hewa kulikuwa na kipepeo, kibati cha mviringo kinachogeuka kufungua na kufunga. Kazi yake moja ni kubana hewa ili moshi uvutwe vizuri. Ya pili ni ya kistaarabu zaidi: ukizima gari, kipepeo kinajifunga, injini inakosa hewa na kufa kimya kimya. Fundi Bati alisema moshi ukishazibwa kipepeo hakina kibarua, akakifungua skrubu zake na kukitupia kwenye kopo la jamu pale gereji.

Jamani, tangu siku hiyo pikapu ikizimwa haifi, inakata roho! Du-du-du-du, inaruka yote, boneti inagonga, kioo cha pembeni kinainama. Na kwa kuwa alikuwa anaegesha ubavuni mwa nyumba, karibu kabisa na dirisha la chumbani, nyumba nayo ilitetemeka. Vikombe kabatini vililia. Picha ya harusi ilienda upande.

Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji na cherehani yake ilikaa sebuleni, aliinua uso tu na kusema, "Huyo, kafika. Nyumba imepiga chafya." Kisha alitundika mkasi, akainyoosha ile picha na kwenda mlangoni. Fundi alipofika kizingitini, mke alikuwa amekwishasimama hapo.

"Umechelewa," alimwambia.

"Njia ndefu," fundi alijibu.

Gereji ilikuwa mtaa wa pili. Hata akirudi na jua bado kali, aliambiwa amechelewa, na njia ilikuwa ndefu. Watoto walikua wakisikia hayo, wakaoa na kuolewa, wakahama, na wazee wakaendelea nayo. Wengine wana mashairi, hawa walikuwa na hayo maneno matatu.

Sasa ikatokea asubuhi moja, mama yuko kwenye cherehani anashona sare ya shule, mguu wa kushoto ukasimama. Aliuangalia. Aliuambia uende, haukwenda. Akataka kumwita mdogo wake, aliyekuwa anaishi nao, ulimi nao ukawa mzito. Kiharusi hakibishi hodi.

Aliporudi kutoka hospitali, maneno yalikuwa yanamrudia mojamoja, lakini mguu ulikuwa kama wa mtu mwingine. Dada wa mazoezi ya viungo, msichana mpole mwenye mikono ya nguvu, alikuwa anakuja nyumbani kumnyoosha. Siku moja alimwita fundi pembeni.

"Baba, mguu haujafa," alimwambia. "Ila miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe. Asipojaribu kusimama sasa, mguu utasahau kabisa. Na mimi siwezi kumtakia. Lazima atake mwenyewe."

Na mwenyewe hakutaka. Dada wa mazoezi akimwambia ainuke, alifumba macho. Mumewe akimbembeleza, alisema, "Mniache." Fundi alijua kinachomsumbua, ingawa hawakuwahi kukizungumza. Mama mzazi wa mkewe aliugua hivyo hivyo, akalala, na hakuinuka tena mpaka alipotolewa kwa machela. Mkewe alikuwa na msemo tangu ujana: mtu akikutwa kitandani mchana, amekwishakubali. Sasa kitanda kimemkamata yeye, na fundi aliogopa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote. Akifika jioni, mlango ulikuwa umefungwa, anaufungua mwenyewe, na neno lile la njia ndefu linabaki mdomoni halina wa kumpa.

Akaanza kumchunguza mkewe kama anavyochunguza injini, na hapo ndipo alipoteleza. Kila jioni akiingia chumbani alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, jasho linamtoka, pumzi juu juu, mkono mzima umeng'ang'ania godoro, mdomo unatetemeka. Mchana shemeji anasema alikuwa ametulia tu. Jioni, jasho. Mchana salama, jioni mtetemo. Fundi akajumlisha, akapata jibu: ni gari. Pikapu ikizimwa, nyumba inatikisika, mgonjwa anashtuka, moyo unamwenda mbio. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, anamuua mkewe kila siku saa ya kurudi nyumbani!

Hakumwuliza mtu. Fundi haliulizi gari.

Kesho yake hakupokea kazi ya mteja. Alilimwaga kopo la jamu mezani, akakipata kipepeo katikati ya nati na skrubu, kimeshika kutu ya juu juu. Alikisugua kwa mafuta ya taa mpaka kikang'aa. Alifungua njia ya hewa, akakwangua masizi kwa bisibisi bapa, akakirudisha kipepeo kwenye mhimili wake, akakigeuza kwa kidole, kikafunga, kikafungua. Akabadilisha na kimpira cha upepo kinachokivuta. Mwishowe, kwa kuwa mtu akianza toba aitimize, akang'oa na lile bati, akafunga valvu nzima aliyoitoa kwenye gari lililogongwa.

Gereji nzima ilikuja kushuhudia.

"Fundi Bati anatoa bati!" mchomeleaji alipiga kelele. "Sasa tukuite nani?"

"Niite msikilizaji," alisema. "Nyamaza."

Aliwasha, akazima. Injini ikaenda zake kimya, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto. Fundi akatabasamu mwenyewe, na nadhani hilo lilikuwa tabasamu lake la kwanza tangu hospitali.

Jioni aliegesha, akazima, hakuna kikombe kilicholia. Aliingia kwa kunyata, moyo umejaa, anakwenda kumwona mkewe aliyetulia.

Akamkuta amelala chali. Kitambaa cha kichwa kimemvuka, mate yamemshuka kwenye upande ule mzito. Mkewe aligeuza macho, akamwona, akashtuka mshtuko ambao pikapu haikuwahi kumpa. Alihangaika kujiinua, mkono ukateleza, akarudi chini. Kisha akageukia ukutani na kulia bila sauti.

"Mama, vipi? Unaumwa wapi?"

Hakujibiwa. Na kesho yake hakujibiwa. Dada wa mazoezi alipokuja alikuta mgonjwa amevuta shuka mpaka kidevuni, na alipoondoka hakumwambia fundi chochote, alimpa mkono tu, na mkono ule ulimkata maini. Fundi alisimama uani, akijiuliza amwambie nini mwanawe mkubwa kwenye simu.

Aliyemwokoa ni shemeji. Mwanamke huyu, mdogo wa mkewe, hakujaliwa upole, na mimi namshukuru Mungu kwa hilo. Alimfuata fundi jikoni, akaweka sufuria chini kwa kishindo.

"Shemeji, gari lako limepatwa na nini?"

"Nimelitengeneza. Halitikisi tena. Nimeona linamshtua."

"Linamshtua?" Akashika kiuno. "Hivi wewe ni fundi au ni muuza nyanya? Yule alikuwa analisubiri! Vikombe vikilia tu, anasukuma shuka. Anaushika ule mguu kwa mkono, anaushusha. Anajivuta mpaka anakaa. Nikitaka kumsaidia ananifukuza. Anafunga kitambaa chake kwa mkono mmoja na meno. Yote hayo wewe unavua viatu. Ndiyo maana ulimkuta na jasho, baba! Alikuwa hataki umkute amelala."

Fundi akakaa juu ya ndoo.

"Hayo ndiyo mazoezi pekee aliyokuwa anafanya," shemeji aliendelea, sauti sasa imelegea, naye anajifuta macho kwa upande wa kanga. "Sasa unaingia kama mwizi. Umemkuta kitandani. Unajua kwake hilo ni nini."

Alijua. Hakulala vizuri, na alfajiri alikuwa wa kwanza gerejini. Kipepeo kilichosuguliwa kwa mapenzi kikarudi kwenye kopo la jamu. Ile valvu ya moshi aliiacha ifanye kazi yake, maana yenyewe haikuwa na kosa kwa mtu.

"Fundi," mchomeleaji alisema, "jana umefunga, leo umefungua. Una nini?"

"Ukipenda boga, penda na ua lake," alijibu, na mchomeleaji, ambaye hakuelewa, alitikisa kichwa kama aliyeelewa.

Jioni ile aliegesha palepale ubavuni, akashusha pumzi, akazima. Du-du-du-du! Boneti ikagonga, vikombe vikalia, na ndani picha ya harusi bila shaka ikaenda upande. Fundi hakushuka. Alikaa ameshika usukani. Alisubiri mpaka akasikia kitanda kikilia, akasubiri tena, ndipo akafungua mlango wa gari na kuufunga kwa nguvu, wasikie wote.

Alimkuta ameketi. Jasho, kitambaa kichwani, uso umeinuliwa. Alikaa karibu naye, bega kwa bega, na mkewe hakugeukia ukuta.

Basi ikawa ndiyo desturi. Anazima, anakaa garini. Kila jioni aliongeza muda kidogo, kwa sababu kitanda kilianza kulia mapema zaidi na baada yake zikaja sauti mpya: kiti kikiburutwa, kitu kikigonga ukuta, shemeji akisema "taratibu, dada" na kufokewa. Kuna jioni kilisikika kishindo, fundi akatoka mbio nusu njia, halafu akasikia mkewe akitukana kiti, tena kwa ulimi uliokaa sawa, akarudi garini anacheka peke yake machozi yakimlengalenga.

Jirani akamwona.

"Kuna nini humo, fundi? Naona unashinda garini."

"Natafuta spana."

"Kila siku?"

"Hii ni ya kupotea potea."

Mvua zilianza zikaisha. Dada wa mazoezi sasa alikuwa anakuja na kicheko. Lakini mguu ukiwa mbele ya watu ulikuwa mgumu bado, unapiga hatua chache na kugoma, na fundi alijifunza kutouliza.

Siku yenyewe haikuwa na dalili yoyote. Alirudi na uchovu wake, mikono inanuka dizeli, akazima, gari likajirusha. Akakaa. Kitanda kikalia, kiti kikaburutwa. Kimya. Akasubiri kelele inayofuata, haikuja. Aliinamisha kichwa kwenye usukani.

Kitasa kikazunguka.

Mlango wa mbele ulifunguka kidogo kidogo, ukakwama, ukafunguka. Mkewe alikuwa kizingitini. Hakuna fimbo, hakuna mdogo mtu. Mkono mmoja umeshika fremu ya mlango, mguu ule wa cherehani unatetemeka ndani ya gauni mpaka pindo linacheza, na futi ya kupimia nguo anayo shingoni, kama zamani.

Kila kiungo cha fundi kilitaka kukimbia kumdaka. Akajikaza kisabuni. Alifungua mlango wa gari, akaufunga, akatembea mwendo wake wa siku zote, wa mtu anayerudi kazini, mpaka akafika mbele yake.

Mkewe alimtazama. Pumzi zilikuwa juu, akazisubiri zishuke.

"Umechelewa," alisema.

Fundi alifuta mikono ya dizeli kwenye suruali.

"Njia ndefu," alisema.

"Hata yangu," mkewe akajibu, akaiachia fremu na kumpa mkono.