Shifta Walionivua Kaptula

Mwezi uliopita nilimpa Mama Halima, muuza maziwa, kaptula yangu ya shule, naye akanipa maziwa ya ngamia. Mwalimu mkuu nikamwambia shifta, wale majambazi wa nyikani, walinivua kaptula kwenye njia ya Balambala. Maskini, akanipa mpya na kupeleka taarifa polisi.

Jumamosi akina mama walitundika ukumbini mifarishi ya viraka waliyoshona kwa mkono. Mimi, mjuzi wa kila kitu, nikamvuta mwalimu mkuu auone wa Mama Halima. “Tazama kiraka hiki cha kaki, mwalimu. Kimekaa sawasawa.”

Mama Halima akafurahi, akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali, “Hiyo kabtula yake mwenyewe. Kijana mzuri, anabenda maziwa.”

Mwalimu akainama, akasoma jina langu lililoshonwa kwa uzi mwekundu. Akaniuliza polepole, “Kwa hiyo shifta ndiye huyu mama?”