Kesi ya Mingazi Iliyongoja Kumbikumbi

Kusoma sikusoma sana, miaka miwili tu kwa mapadri wa Kasongo, lakini baiskeli ya kwanza kijijini kwetu ilikuwa yangu. Niliipata kwa mawese ya mingazi, michikichi yetu kumi na miwili nyuma ya nyumba. Sasa shemeji yangu jirani, aliyeoa binti wa baba mdogo, akanishitaki. Alisema mingazi yote aliipanda yeye alipohamia kwetu, mwaka Wabelgiji walipofungua barabara ya Kabambare. Mimi nikasema ni ya marehemu baba, ilikuwapo kabla ya barabara. Nikishindwa, nimekwisha.

Tribinali ya chifu ikatupa majuma mawili. Kila mmoja amwonyeshe mwenzake ushahidi wake wote kabla ya kesi, mtu asifiche kitu mfukoni. Tena aletwe mgema wa kuhesabu makovu ya makuti, maana kila mwaka mungazi huacha makovu yake. Mgema aliyeaminiwa na wote alikuwa mmoja, mzee wa upande wa Kabambare. Asipofika, mahakimu watakata kesi kwa maneno tu, na kwa maneno shemeji alinishinda mbali.

Nikamtuma ndugu yangu na baiskeli. Akarudi peke yake.

"Mzee haji. Kichuguu chake kiko karibu kutoa kumbikumbi."

Nilitukana, halafu nikamwelewa. Ningekuwa yeye, hata mimi nisingetoka. Ukiacha kichuguu chako siku zile, wanakula wengine.

Siku ikafika. Nikasimama. "Wazee, naomba siku isogezwe. Mgema analinda kichuguu."

Shemeji akaruka. "Siku ni siku! Sema tu unaogopa hesabu!"

Hakimu mkubwa alikuwa anatazama mawingu. Akamgeukia hakimu wa pili. "Chako umekifunika?"

"Tangu jana, na majani ya ndizi. Wewe?"

"Changu iko na mama mukwe. Atamaliza wote." Akamwambia karani, "Sogeza majuma matatu. Kwa wote wawili."

Karani akashika kalamu, hakuandika. "Sababu gani, mzee? Mzungu anasoma hili daftari."

"Andika mvua."

"Lakini mvua bado, mzee."

"Itanyesha kabla wino wako haujakauka."

Ikanyesha kweli! Watu wakatawanyika wakicheka, na wa kwanza kukimbia alikuwa shemeji.

"Shemeji, siku ni siku! Unakwenda wapi?"

"Nyamaza! Changu iko wazi!"

Baada ya majuma matatu mgema akaja, kamba begani, mfuko wa kumbikumbi wakavu mkononi. Nilimwomba konzi moja ya kumbikumbi, maana nimetembeza ndugu yangu njia yote ile. Akanikatalia mbele ya watu. "Nikimaliza kusema. Mutu asiseme tumekula pamoja."

Akapanda mungazi mmoja mmoja, akipapasa makovu, akihesabu kwa sauti. Tisa ilikuwa mizee kuliko barabara. Mitatu, ile ya pembeni, ilikuwa mitoto: ya shemeji. Nilikuwa nimeapa kwamba yote ni ya baba, kumbe baba mwenyewe hakuniambia alimpa mgeni nafasi ya kupanda. Basi, nilikosa, nikasema nimekosa. Lakini tisa ni tisa.

Mahakimu wakakata palepale: tisa yangu, mitatu yake. Mgema akafungua mfuko wake, na kabla sijanyoosha mkono, wa shemeji ulikuwa ndani tayari.